SOMO LA JIKO: ZUIA JIKO LAKO LA KUNI LISIZIDI MOTO



Anayejua kusoma tunamwomba asome karatasi hii kwa sauti mbele ya familia na majirani, kwa kuwa mara nyingi anayepika siye anayeshika karatasi. Somo letu linahusu moto wa jikoni. Hatuji kukufundisha kupika, maana kila mama hapa amepika tangu utoto wake. Tunataka tuzungumze juu ya jambo moja tu: namna ya kuzuia jiko lisipate moto kupita kiasi.

1. KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Wengi wetu tumetoka ng'ambo ya ziwa, Fizi, Baraka na Uvira, na kule tulizoea kupikia uwanjani penye nafasi. Hapa mlango wako unatazamana na mlango wa jirani, ukuta ni turubai, na paa ni turubai au nyasi. Plastiki ya turubai huanza kulainika na kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130 hivi. Hilo ni joto lililozidi kidogo tu lile la maji yanayochemka, wakati ulimi wa moto wa kuni una joto la mamia ya nyuzi.

Moto ukishapata paa moja haungoji. Tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliungua, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali yao yote kwa siku moja, maana vibanda vilikuwa vimebanana. Tarehe 22 Machi 2021, huko Cox's Bazar nchini Bangladesh, moto ulipita katika kambi ya wakimbizi ukateketeza maelfu ya vibanda. Watu walikufa, na makumi ya maelfu walibaki bila mahali pa kulala. Vibanda vyao vilikuwa vya mianzi na maturubai, navyo vilikaribiana kama vyetu.

Lakini hata moto usipotoka nje ya jiko, bado unakula. Unakula kuni. Kuni zikiisha kabla ya wakati wake, ni nani anayerudi porini? Ni mama au binti, mguu kwa mguu, katika ardhi ya wenyeji au karibu na misitu ya hifadhi ya Rumonge na Kigwena, ambako kukata miti kunaleta ugomvi na hatari. Kwa hiyo kuzuia jiko lisizidi moto ni kulinda nyumba, kulinda kuni na kulinda watu.

2. MOSHI NI KUNI AMBAZO HAZIJAUNGUA

Ili uweze kulitawala jiko, ni vizuri ujue moto unatoka wapi. Kuni inapopata joto hutoa mvuke na moshi. Moshi huo una gesi, na gesi hizo zikipata joto la kutosha na hewa ya kutosha huwaka. Ule ulimi wa moto unaouona ni gesi inayowaka. Kuni ikimaliza kutoa gesi ndipo linabaki kaa jekundu, ambalo huungua polepole bila ulimi mkubwa.

Fanya jaribio hili na watoto wa shule. Washa mshumaa, uache kidogo, kisha uuzime kwa pumzi. Moshi mweupe utapanda. Sogeza haraka kijiti kinachowaka kwenye moshi ule. Utaona moto unaruka na kurudi kwenye mshumaa kabla kijiti hakijagusa utambi. Moshi wa mshumaa ni mshumaa ambao haujaungua. Vivyo hivyo moshi wa kuni ni kuni.

Katika nchi za baridi, kama Marekani na Kanada, wapo watu wanaopasha nyumba joto kwa jiko la chuma lenye kichocheo. Ndani yake mna kitu mfano wa sega la nyuki, kilichopakwa madini ya platini au paladi. Moshi ukipita humo huwaka kwenye joto la nyuzi 260 hivi, ambalo kwa kawaida lisingetosha kuuwasha. Jiko hilo halipotezi moshi, kwa hiyo linatumia kuni chache. Lakini nalo lina hatari yake. Mwenye nyumba akilijaza kuni nyembamba na kavu sana huku ameacha hewa wazi, moshi mwingi huwaka kwa pamoja, joto hupanda mno, na sega lile huharibika. Kwa hiyo hufundishwa mambo matatu: aweke kuni kwa kiasi, aongoze hewa, wala asichome takataka.

Jiko letu la udongo halina platini. Lakini mambo hayo matatu ni yaleyale.

3. DALILI ZA JIKO LILILOZIDI MOTO

Jiko limezidi moto linapotoa joto kuliko sufuria, udongo na mahali lilipo vinavyoweza kubeba. Tazama dalili hizi:

(a) Ndimi za moto zinatoka mdomoni, au zinapanda pembeni mwa sufuria hadi kwenye mfuniko.
(b) Jiko linavuma kama upepo unaopita kwenye tundu.
(c) Ukisogeza kiganja karibu na ukuta wa nje wa jiko, bila kugusa, huwezi kukiacha hapo ukahesabu hadi tano.
(d) Nyufa mpya zinaonekana, au vipande vya udongo vinabanduka.
(e) Bati la mbabula linageuka jekundu.
(f) Turubai lililo juu linalegea, linang'aa au linatoa harufu ya plastiki.

Ukiona dalili ya mwisho, usiendelee kupika hata kama chakula kimebakiza kidogo. Vuta kuni kwanza.

4. SABABU ZAKE

Kuni nyingi kwa mara moja. Hii ndiyo sababu kubwa. Mtu ana haraka, mvua inakuja, watoto wana njaa, basi anasukuma kuni sita mahali pa mbili. Kuni zote hutoa gesi kwa pamoja, gesi inakosa nafasi ndani, inawaka nje.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Maji yakishachemka hayapati moto zaidi hata ukiongeza kuni. Ziwa letu la Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na huku ufukweni maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Yakifika hapo yamefika. Ukiongeza kuni, maji yatageuka mvuke upesi zaidi na kuisha sufuriani, lakini maharagwe hayataiva mapema kwa sababu hiyo. Maharagwe yanayotokota taratibu chini ya mfuniko huiva kwa muda uleule na yale yanayorukaruka. Tofauti ni kuni.

Makapi ya michikichi. Rumonge ni mji wa mawese, na wapo kati yetu wanaopata vibarua kwenye mashine za kukamulia. Wakirudi jioni huleta nyuzinyuzi za chikichi zilizokamuliwa na maganda magumu ya kokwa. Ni kuni nzuri, nasi hatuzikatai. Lakini nyuzi zile bado zina mafuta ndani yake, na maganda yale hutoa joto kali. Mtu akizimimina jikoni kama anavyoweka kuni za kawaida, moto huruka mara moja. Zitumie kwa konzi ndogo, kwa kuwashia au pamoja na kuni nene, wala usizirundike karibu na jiko.

Upepo. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, upepo wa kusini huwa mkali, kama wavuvi wanavyojua. Jiko ambalo mdomo wake unatazama upepo linapulizwa kama moto wa mhunzi.

Mdomo mpana na sufuria ndogo. Mdomo ukiwa mpana hewa nyingi huingia. Sufuria ikiwa ndogo kuliko jiko, moto hupita pembeni ukapanda juu bila kazi.

Takataka. Mifuko ya plastiki, viatu vibovu, vipande vya turubai na vitambaa vyenye mafuta huwaka kwa ghafla, hudondosha matone ya moto, na moshi wake ni sumu kwa anayepika na kwa mtoto aliye mgongoni. Mafuta ya taa au petroli visimwagwe kamwe kwenye jiko lenye makaa, hata kama linaonekana limezimika.

5. NAMNA YA KULITAWALA JIKO

Fuata mpango huu kila unapopika.

Kwanza, tayarisha kila kitu kabla ya kuwasha. Osha mchele, kata sombe, loweka maharagwe tangu usiku. Jiko likiwaka bila sufuria juu yake, joto lote huingia kwenye udongo na kuupasua.

Pili, tumia kuni kavu zilizopasuliwa unene wa kidole gumba hadi viwili. Kuni mbichi siyo dawa ya moto mkali, kama wengine wanavyodhani. Mti mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Joto hutumika kwanza kukausha maji hayo, unapata moshi wa kuumiza macho na kifua, kisha kuni ikishakauka ndani ya jiko huwaka yote kwa pamoja. Panga kuni zako juani, mbali na jiko, na wakati wa mvua zifunike.

Tatu, anza na kuni tatu. Maji yakichemka, vuta moja au mbili. Kuni iliyovutwa izimwe kwa kuichomeka kwenye mchanga mkavu au majivu, ukaitumie kesho. Usiiache chini ikiwaka.

Nne, sukuma kuni kidogo kidogo kadiri ncha inavyoungua. Ncha tu ndiyo iungue ndani. Kuni isijazwe jikoni nzima.

Tano, funika sufuria. Mfuniko unazuia joto lisitoroke, nawe hutaona haja ya moto mkubwa.

Sita, joto likizidi, punguza kuni, usimwage maji. Maji baridi juu ya udongo wa moto huupasua, na mvuke wake huunguza mikono na uso.

6. ONYO JUU YA KUFUNGA HEWA

Mtu anaweza kusema: "Kama hewa ndiyo inayoongeza moto, basi nitaziba mdomo wa jiko." Hapo tuwe waangalifu sana.

Ukiziba jiko la kuni linalowaka, moto unazimika lakini gesi zinaendelea kutoka. Zinajaa ndani. Ukifungua ghafla, hewa inaingia na gesi zote zinawaka mara moja, nazo zinaruka usoni kwako. Kwa jiko la kuni, njia salama ni kuvuta kuni.

Kwa mbabula ya makala, ni kweli kwamba kufunga kimlango cha chini kunapunguza moto. Fanya hivyo nje tu. Makala yanayoungua kwa hewa chache hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Usiku wa mvua, familia nyingi hutamani kuingiza mbabula ndani ili kupata joto na kufunga mlango. Tafadhali msifanye hivyo. Gesi hiyo humlaza mtu asiamke. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na makala, toka nje upesi na watoto wote, kisha mwende kituo cha afya.

Mbabula yenye udongo wa kuchoma ndani, ya namna iliyoenea Kenya miaka ya 1980, isijazwe makala kupita ukingo wa udongo. Bati na udongo hutanuka kwa kiasi tofauti, kwa hiyo likizidi moto udongo unapasuka na kutengana na bati.

7. MAWESE SUFURIANI

Moto mkubwa na mafuta ni jambo la hatari kuliko yote tuliyotaja. Mafuta hayana kikomo kama maji. Yanaendelea kupanda joto, yanatoa moshi, na mwisho yanawaka yenyewe bila kuguswa na moto.

Mawese mapya kutoka mashineni mara nyingi yana maji kidogo. Ukiyapasha kwa haraka, maji yanageuka mvuke, mafuta yanatoa povu, yanafurika na kumwagika jikoni. Kwa hiyo weka mafuta yasiyozidi theluthi ya sufuria, tumia moto mdogo, wala usiondoke. Mtu akikuita, toa sufuria kwanza ndipo uitike.

Wapo wanaounguza mawese hadi rangi nyekundu ipotee yawe meupe. Tunawashauri waache. Kwanza, ili kufika hapo lazima jiko lizidi moto. Pili, ile rangi nyekundu ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, ambayo ni kinga ya macho ya mtoto. Ukiunguza rangi, umeunguza dawa uliyoinunua sokoni Rumonge kwa fedha yako.

Wanaokausha mgebuka na sangala kwa moshi nao wajihadhari. Samaki hao wana mafuta. Yakidondokea kwenye makaa, ulimi wa moto unapanda na kushika wavu mzima. Tumia moto mdogo wa moshi, na samaki wawe juu vya kutosha.

8. JIKO JIPYA NA MAHALI PAKE

Jiko jipya la udongo likauke kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kupikia, au zaidi wakati wa mvua. Udongo wenye maji ukipashwa kwa haraka, maji ya ndani hugeuka mvuke na kuupasua. Siku za kwanza washa moto mdogo wa vijiti tu. Changanya udongo na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa ili usipasuke unapokauka. Nyufa ndogo zizibwe kwa udongo laini kila wiki, jiko likiwa limepoa.

Jiko likae nje au chini ya kibanda kilicho wazi, walau hatua mbili kutoka ukuta wa turubai au nyasi, na mdomo usitazame upepo. Pigeni mstari ardhini, hatua moja kulizunguka jiko, na kila mtoto ajue kuwa hapo hapiti. Karibu na jiko kuwe na ndoo ya mchanga mkavu. Mchanga wa ziwani unafaa ukishaukausha.

Majivu yasitupwe nyuma ya nyumba jioni. Kaa dogo linaweza kukaa hai ndani ya majivu hadi asubuhi, na upepo wa usiku ukalifukua. Chimba shimo, mwaga majivu, funika kwa udongo.

9. MOTO UKITOROKA

Mafuta yakiwaka sufuriani: usimwage maji na usibebe sufuria. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600, kwa hiyo mafuta yanayowaka hurushwa juu hadi paani. Funika sufuria kwa mfuniko au sinia, vuta kuni, acha mpaka ipoe kabisa.

Paa likishika moto: toa watu kwanza, piga kelele, gongeni sufuria ili majirani wote waamke. Vijana wabomoe haraka turubai za vibanda vya jirani vilivyo upande upepo unakokwenda, ili moto ukose njia. Usirudi ndani kuchukua kadi ya chakula. Kadi hutolewa nyingine.

Nguo zikishika moto: simama, lala chini, biringika. Usikimbie.

Mtu akiungua: mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Toa pete na bangili kabla hajavimba. Usipake mawese, dawa ya meno, udongo wala majivu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, mfunike mwili uliobaki asipate baridi, mpeleke kituo cha afya. Mtoto mdogo apelekwe hata kama jeraha linaonekana dogo.

10. MASWALI YA KUJADILI KATIKA BLOKU

1. Maji yakishachemka, kuongeza kuni kunasaidia nini?
2. Kwa nini kuni mbichi si njia ya kupunguza moto?
3. Katika bloku yetu upepo wa mchana unatoka wapi? Ni majiko mangapi yanatazama upepo huo?
4. Ni nani mwenye ndoo ya mchanga, na inakaa wapi usiku?
5. Kwa nini hatuzibi mdomo wa jiko linalowaka?
6. Nani atawapitia wazee na wagonjwa wanaopika peke yao?

Swali la tatu na la nne yasijibiwe mkiwa mmeketi. Inukeni, mzunguke bloku nzima pamoja, mtazame kila jiko. Mkiona jiko lenye nyufa au turubai lililolegea juu ya moto, msimcheke mwenye nyumba. Msaidieni kulihamisha siku hiyohiyo, maana paa lake na paa lako limeshikana.